Karamu ya Mfalme Mgeni Hulipwa na Nani?



Jambo tunaloliandika mwezi huu si geni masikioni mwenu. Kila mara mfalme au malkia wa nchi ya mbali ajapo kuzuru nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, maneno huzuka barazani, sokoni, na hata uani mwa kanisa baada ya ibada. Watu huulizana: Je, karamu hii italipwa na nani? Motokaa mpya, askari waliopangwa njia nzima, mizinga, ngoma, mapambo, na chakula cha mamia ya watu, fedha yake yatoka mfuko gani? Ndipo wengine hukasirika, wakasema kwamba kuuliza hivyo ni utovu wa adabu, maana mgeni hahesabiwi matonge. Hapa Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, tumeyasikia maneno ya pande zote mbili, nasi walimu tumeulizwa mara nyingi tuna fikira gani. Basi leo twasema wazi, wala hatutazungusha maneno.

Twasema hivi: mgeni apokewe, tena apokewe kwa heshima. Lakini gharama ya heshima hiyo itajwe mbele ya watu kabla mgeni hajafika. Hesabu yake isomwe baada ya kuondoka. Na mzigo wake usitwikwe mtu asiye na kitu. Mkubwa anayeyakataa mambo hayo matatu, asituambie kwamba anamheshimu mgeni. Amejificha nyuma ya mgeni.

Wala mtu asidhani kwamba sisi twachukia ukarimu. Katika nchi yetu hii ya Wahaya mgeni akiingia nyumbani hupewa kwanza punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, akatafuna, ndipo maneno yaanze. Punje hizo hazijazi kiganja, walakini mtu aliyenyimwa huona kuwa ametukanwa, na aliyepewa hujua kuwa amepokewa. Tena tazameni, kahawa ile hutoka katika kibanja cha mwenye nyumba mwenyewe. Hakumtuma mtoto kwenda kuichuma usiku kwa jirani. Hiyo ndiyo heshima tuliyoachiwa na wazee: ndogo kwa kipimo, kubwa kwa maana, na imelipwa na yule anayeitoa.

Hata wafalme wetu wa zamani walipokea wageni. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipoingia Karagwe akitafuta chimbuko la mto Nile, alikaribishwa vema na Mukama Rumanyika. Speke mwenyewe aliandika katika kitabu chake kwamba aliambiwa wageni wa Karagwe hawatozwi hongo, na kwamba wakuu wa vijiji wameamriwa kumpa chakula kwa gharama ya mfalme. Msafiri yule alifurahi sana, maana alikuwa ametoka katika nchi alikotozwa nguo na shanga kila hatua. Sisi nasi tukiisoma habari hiyo twajivunia babu zetu. Lakini tuulize swali moja ambalo msafiri hakuwa na haja ya kuliuliza: gharama ya mfalme ni nini, ila ndizi za watu wake? Mkungu ule ulikatwa katika kibanja cha nani? Pombe ile ilikamuliwa na mikono ya nani?

Wazee wetu walilijua jibu vizuri. Katika Buhaya palikuwa na desturi ya nyarubanja, ambayo kwayo mtu alilima kibanja akakaa ndani yake maisha yake yote, na huku akitoa kodi na utumishi kwa bwana wa ardhi, kwa kuwa ardhi haikuwa yake. Enzi ya watemi ilikomeshwa mwaka 1963, na nyarubanja ikaondolewa kwa sheria iliyoanza mwaka 1965. Basi sisi ni wana wa watu waliokwisha kuzilisha meza za wakubwa, nao hawakuulizwa kama wana akiba. Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba serikali italipa, sisi hatudanganyiki. Serikali haina kibanja. Haina ng'ombe wala mtumbwi. Fedha yake ni kodi ya sukari tunayonunua dukani, ya mafuta ya motokaa inayotupeleka Muleba, na ya kahawa tunayouza. Vyaelea, vimeundwa.

Sasa tufungue Maandiko, maana ndiyo taa yetu. Nabii Natani alipotumwa kwa Mfalme Daudi alimsimulia habari ya watu wawili katika mji mmoja, tajiri na maskini. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi sana. Maskini alikuwa na kondoo jike mmoja tu, mdogo, aliyemlea kama mwanawe. Kisha msafiri akamjia yule tajiri. Tajiri akaona uchungu kutwaa mnyama katika kundi lake mwenyewe, akamtwaa kondoo wa maskini, akamwandalia mgeni. Sisi twaikumbuka habari hii kwa ajili ya dhambi ya Daudi juu ya Uria na mkewe, nayo ni haki kuikumbuka hivyo. Lakini angalieni mfano wenyewe umejengwa juu ya nini. Umejengwa juu ya karamu ya mgeni! Mgeni yule hakutenda kosa lo lote. Alifika amechoka, akaandaliwa, akala. Kosa ni la mwenyeji aliyetaka sifa ya ukarimu kwa mali isiyokuwa yake. Na Daudi alipoisikia habari hiyo, hakusema kwamba mgeni hahesabiwi matonge. Alikasirika, akaamua kwamba kondoo yule alipwe mara nne.

Haya, tuvuke mto Kagera, tutazame kwa jirani. Mwezi wa Novemba 2007, tarehe 23 hata 25, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutanika Kampala, na marehemu Malkia Elizabeth II akaenda kuufungua mkutano huo. Mji ulipakwa rangi, barabara zikatengenezwa, hoteli zikajengwa, na zaidi ya motokaa mia mbili za fahari zikanunuliwa kwa kuwachukua wageni. Magazeti yaliandika kwamba watoto wa mitaani na ombaomba waliondolewa mjini ili macho ya wageni yasiwaone. Na mwaka uleule, mwezi wa Septemba, mvua kubwa ilikuwa imeyafurikisha mashamba ya Teso na sehemu nyingine za mashariki na kaskazini ya Uganda, hata rais akatangaza hali ya hatari, na watu wengi wakawa hawana chakula wala makao. Miezi miwili tu ilikuwa kati ya gharika na karamu.

Mgeni akaondoka. Ndipo ugomvi ukaanza. Mkaguzi Mkuu wa hesabu akachunguza. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikawaita wakubwa mmoja mmoja kuja kujieleza juu ya mamia ya mabilioni ya shilingi za Uganda. Mwaka 2011 aliyekuwa makamu wa rais alishtakiwa kwa habari za kununua motokaa zile, na mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Mawaziri watatu nao walishtakiwa kwa gharama nyingine za mkutano, na mwaka 2012 mahakama ikawaachia. Sisi si mahakimu, na mtu aliyeachiwa na mahakama ameachiwa. Hatutamtia tena kizimbani kwa kalamu. Lakini hesabu miaka: mgeni alilala siku chache, na wenyeji waligombana miaka mitano. Nchi iliyogharimiwa ili isifiwe na dunia ikaishia kusimuliwa na dunia nzima kwa habari ya ununuzi wa motokaa. Kama bei ingalisomwa hadharani kabla ya kununua, je, nani angalipata nafasi ya kumshuku mwenzake? Fedha iliyotumika gizani humchafua hata mtu asiyeigusa.

Tuyajibu sasa maneno ya wale wanaotupinga, maana hatupendi kushindana na kivuli.

Wa kwanza husema: Kuhesabu gharama ya mgeni ni aibu, mgeni akisikia atahuzunika. Sisi twajibu kwamba wageni hao wenyewe hutoka katika nchi zinazohesabu. Nyumba ya kifalme ya Uingereza hutoa kila mwaka taarifa ya hesabu zake, na safari kubwa huandikwa ndani yake pamoja na fedha iliyotumika. Mfalme asiyeona haya kusomewa hesabu na watu wake ataonaje haya kwa sababu sisi nasi tumesomewa yetu? Tena hata Maandiko Matakatifu hayakuona haya kuandika hesabu ya jikoni. Kitabu cha kwanza cha Wafalme chatuambia chakula cha nyumba ya Sulemani kwa siku moja: kori 30 za unga mwembamba na kori 60 za unga wa kawaida, ng'ombe 10 walionona na 20 wa malishoni, na kondoo 100, mbali na wanyama wa porini na kuku. Twaambiwa pia walipaji: maakida 12, kila mmoja katika wilaya yake, mwezi mmoja kwa mwaka. Basi kama Roho wa Mungu aliona yafaa kondoo wa Sulemani wahesabiwe, mkubwa wetu ni nani hata asihesabiwe wake?

Wa pili husema: Mgeni huleta faida. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nao hututajia Malkia wa Sheba, kwamba alikuja Yerusalemu na talanta 120 za dhahabu, na manukato mengi, na vito vya thamani. Ni kweli. Lakini someni mbele zaidi. Malkia yule alipokiona chakula cha meza ya Sulemani na mavazi ya watumishi wake, roho ilizimia ndani yake kwa ajabu. Hakuambiwa unga ule ulitoka kwa nani. Sulemani alipokufa, watu walikusanyika Shekemu, wakamwambia mwanawe Rehoboamu kwamba baba yake aliwatwika kongwa zito, nao waliomba lipunguzwe. Rehoboamu akakataa, na kabila kumi zikamwacha. Ufalme uliowazimisha roho wageni ulipasuka mikononi mwa mrithi wa kwanza! Dhahabu ya Sheba haikuushona.

Wala hatukatai kwamba faida zipo. Barabara zilizotengenezwa Uganda kwa ajili ya mkutano ule zilibaki baada ya wageni kuondoka, na watu wakazipita. Lakini jambo hilo lenyewe ndilo linalotushangaza. Kama barabara ile ilikuwa inafaa kutengenezwa, kwa nini ilingoja mgeni? Mama mjamzito aliyerushwarushwa mashimoni mwaka uliotangulia hakuwa mtu? Mwenye nyumba anayeziba paa siku ya kuja mgeni, na huku watoto wake wamenyeshewa masika yote, amewaambia watoto wake neno baya sana bila kufumbua kinywa. Na mtoto huelewa.

Wa tatu husema maneno makali kuliko hao wote: Wafalme hao wasialikwe kamwe, maana nchi zao zilitutawala, wakija wafungiwe mlango. Hapo nasi hatukubali. Sisi Wakristo tumeamriwa kumpokea mgeni, na amri hiyo haikumtoa mgeni mwenye taji. Zaidi ya hayo, ulimwengu si kijiji kimoja, twahitajiana. Mwezi wa Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliposhusha nyumba zetu hapa Bukoba, na shule ya Ihungo ikabomoka, fedha za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zile zilizoijenga upya. Hatutausahau wema huo. Mtu aliyekusaidia kuinua ukuta hafungiwi mlango.

Walakini kumpokea ni jambo moja, na kuficha deni kwa ajili yake ni jambo la pili. Tukumbuke mwaka 1954. Malkia Elizabeth II, akiwa bado kijana, alizuru Uganda mwezi wa Aprili, akalifungua bwawa la umeme la Owen Falls huko Jinja. Wakati huo Kabaka Mutesa II alikuwa uhamishoni Uingereza, amepelekwa huko na gavana tangu Novemba 1953. Tazameni jambo hilo: mgeni alikaribishwa nyumbani, na huku mwenye nyumba amezuiliwa kwa mgeni! Baganda wengi walikuwa katika huzuni, na hakuna bendera iliyoweza kuificha huzuni ile. Kabaka alirudishwa mwezi wa Oktoba 1955.

Na juzijuzi, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alianza ziara yake rasmi ya Kenya pamoja na Malkia Camilla, wakakaa hata tarehe 3 Novemba, Nairobi na Mombasa. Mwaka huo watu wa Kenya walikuwa wameandamana njiani kwa sababu ya ughali wa maisha. Kodi ya mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hata 16. Kwa hiyo wengi waliitazama karamu ya ikulu kwa macho ya mtu mwenye njaa. Wengine wakauliza jambo zito zaidi: mgeni huyu atasema nini juu ya mateso ya vita vya Mau Mau? Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikuwa imekubali kuwalipa wazee 5,228 fedha iliyojumlishwa na gharama kuwa pauni milioni 19.9, ikatangaza majuto yake. Mfalme naye, usiku wa karamu, alikiri kwamba matendo yale yalikuwa maovu yasiyo na udhuru, akaonyesha huzuni. Lakini neno la kuomba msamaha rasmi hakulitamka. Na juma lilelile, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, katika nchi yetu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda babu zetu katika vita vya Maji Maji. Pima mwenyewe, msomaji, ni mgeni yupi aliyeacha kitu kikubwa zaidi nyuma yake.

Twayataja hayo kwa sababu gharama ya kumpokea mfalme si fedha tu. Kama mwenyeji ametumia sana ili mgeni asione aibu, basi wenyeji wengine watalazimika kunyamaza ili karamu isiharibike. Mzee mwenye kovu ataambiwa akae nyuma. Mjane wa mtu aliyenyongwa ataambiwa si siku yake. Ukimya huo nao ni gharama, nao haumo katika hesabu yo yote. Mgeni wa kweli hutaka kusikia habari za nyumba, na mwenyeji wa kweli humwambia.

Nasi Watanzania, hasa sisi wa Kagera, tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, wakapora ng'ombe, wakachoma nyumba, wakalivunja daraja la Kyaka. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikaisha mwezi wa Juni. Hazina ya nchi ilikuwa tupu, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Malkia Elizabeth II alizuru Tanzania, akiwa njiani kwenda Lusaka kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Ilikuwa haki kumpokea. Mkutano ule wa Lusaka ulisaidia sana kuwapatia ndugu zetu wa Zimbabwe uhuru wao. Lakini tuwaulize wazee waliorudi Kyaka wakakuta majivu: ni nani kati yenu aliyesomewa hesabu ya mapokezi yale? Na kama mngalisomewa, mkaona kwamba mgeni amekaribishwa kwa kiasi cha nchi iliyojifunga mkanda, je, msingalijivuna zaidi?

Mgeni naye aweza kuipunguza gharama akitaka. Mwezi wa Novemba 2015 marehemu Papa Fransisko, ambaye alikuwa mkuu wa kanisa lake na mwenye dola ya Vatikano pia, alifika Nairobi, akapanda motokaa ndogo ya kawaida, na huku nyuma yake na mbele yake yakienda magari makubwa ya wakubwa. Watu walicheka kwa furaha. Hakuna aliyesema kwamba cheo chake kimepungua.

Sasa wapendwa, tusije tukaacha shoka juu ya wafalme tu, na huku mti wetu wenyewe umesimama. Miaka michache iliyopita, katika shule moja ambayo hatutaitaja, habari ilikuja kwamba mgeni mkubwa atatuzuru. Hakuwa mfalme, alikuwa mkubwa wa kawaida tu. Kamati ikaketi. Ikaamuliwa kwamba kila mtoto alete shilingi 1,000, na kila nyumba ilete mkungu wa ndizi au kuni. Sisi walimu tukapewa kazi ya kuandika majina. Tuliyaandika vizuri, kwa mwandiko mzuri. Kila asubuhi tulisoma mstarini majina ya wasioleta.

Msichana mmoja wa darasa la tano jina lake lilisomwa siku tatu, na siku ya nne hakuja. Hakuja juma zima. Kisha bibi yake, anayemlea yatima huyo, alikuja shuleni na kuku mmoja kwapani. Akapiga magoti kwa heshima, kama wazee wetu wafanyavyo, akasema: Walimu wangu, fedha sina, mchukueni kuku huyu, mtoto asome. Nasi, ndugu wasomaji, tulimpokea kuku yule. Tuliweka alama kitabuni kwamba amelipa.

Mgeni alitazamiwa saa nne asubuhi. Alifika saa tisa alasiri. Alikaa nusu saa, akanywa maji, akapigwa picha, akasema ana safari, akaondoka. Chakula kililiwa na kamati, na sisi walimu tulikuwa miongoni mwa walaji. Mgeni yule hata leo hajui habari ya kuku, na kama angalijua, twaamini angalimrudisha. Hakuna aliyetuibia; sisi wenyewe ndio tuliomtwaa kondoo wa maskini tukamwandalia msafiri asiyemtaka. Natani hakuwa na haja ya kupanda ikulu. Angalikuja kwetu, akatuona tumeketi, mikono ina mafuta.

Ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza juu ya karamu za wafalme. Tumeona kwa macho yetu jinsi jambo hili linavyoshuka kutoka juu hata chini. Mkubwa wa nchi akimpokea mfalme bila kutaja bei, mkuu wa mkoa hujifunza kwake. Mkuu wa mkoa akifanya hivyo, diwani hujifunza. Na diwani akijifunza, mwalimu husoma majina mstarini. Mwisho wa ngazi hiyo amepiga magoti bibi kizee na kuku wake.

Basi twaomba nini? Twaomba mambo manne, nayo si magumu.

La kwanza, kila mapokezi ya mkubwa, awe mfalme, rais, askofu au mkaguzi wa shule, yatangaziwe kiasi chake mapema: fedha kiasi gani, kutoka mfuko upi, na kazi gani itangojea kwa ajili hiyo. Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Haifai kuchaguliwa gizani.

La pili, kisichotengenezwa kwa ajili ya mwenyeji kisitengenezwe kwa ajili ya mgeni. Kama ni kupaka chokaa, ipakwe zahanati pia. Na maskini asiondolewe njiani ili asionekane. Mficha maradhi, kifo humfichua.

La tatu, mtoto asitozwe cho chote kwa ajili ya mgeni, wala asifukuzwe, wala jina lake lisisomwe. Apendaye kutoa atoe kwa hiari, na asiye nacho aimbe. Wimbo nao ni zawadi.

La nne, baada ya mgeni kuondoka hesabu isomwe. Katika taifa isomwe Bungeni. Katika kijiji isomwe mkutanoni. Katika kanisa isomwe baada ya ibada, mbele ya wale waliotoa. Na masalio yatajwe, hata yakiwa ni magunia mawili ya mkaa.

Kwa upande wetu tumekwisha kuanza. Katika shule ile tuliyoitaja bila kuitaja, walimu tulikubaliana kuchanga, tukanunua kuku wanne, kwa hesabu ile ya Daudi, tukampelekea yule bibi. Alishangaa sana, maana alikuwa amekwisha kutusamehe bila sisi kuomba. Alitukaribisha ndani. Akatoa kikapu kidogo cha kahawa, akatupa kila mmoja punje chache kiganjani. Tulitafuna tukinyamaza. Hatujapata kukaribishwa hivyo katika karamu yo yote.

Wasomaji wapendwa, siku moja mfalme mwingine atakuja katika nchi zetu. Ngoma zitalia, nasi tutatoka kumwona, maana twapenda kuona wafalme kama watu wote. Tumpigie vigelegele. Lakini kabla ya vigelegele tuulize kwa sauti ya adabu: Karamu hii hulipwa na nani? Na mtu akitukemea kwa kuuliza, tumjibu kwamba swali hilo ni la zamani, lilipelekwa kwa Daudi na nabii wa Mungu, na mfalme yule, pamoja na makosa yake yote, hakumfukuza muulizaji.

Sisi walimu wenu wa Rwamishenye.